Moto wa Jirani ni wa Nani? London Ilichukua Miaka 200 Kujibu

Moto wa kwanza niliowahi kuona kwa macho yangu ulianzia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunaishi kwa ploti ya mabati, zile za vyumba kumi na mbili zinazotazamana na choo kimoja nyuma. Stima ilikuwa imepotea jioni hiyo, mshumaa ukaanguka, pazia likashika. Ukisikia mtu akisema "nilifumba macho na kufumbua, moto uko kwa paa", usidhani anatia chumvi. Ni hivyo tu.

Watu walifanya kile watu wa mtaa hufanya. Vijana walipanda juu wakaanza kung'oa mabati ili moto usiruke nyumba inayofuata. Wamama wakapanga laini ya ndoo kutoka kwa tangi la maji. Mamangu alinisukuma nje na begi la shule na kitambulisho chake mkononi, akaniambia nisisonge. Gari la zimamoto lilifika, tena lilifika na king'ora, lakini lilikwama barabarani. Njia ya kuingia kwetu ilikuwa imejaa vibanda pande zote mbili, na hata mkokoteni ulikuwa unapita kwa shida. Kufikia wakati mpira wa maji ulivutwa hadi kwetu, vyumba saba vilikuwa vimeisha.

Usiku huo nilisikia jirani yetu, fundi wa viatu aliyepoteza kila kitu hadi sindano, akisema, "Zimamoto ni ya watu walio na mali." Hiyo sentensi ilinikaa kichwani miaka mingi. Niliiamini bila kuuliza. Halafu juzi nikaanza kusoma historia ya zimamoto ya London, mama wa mifumo mingi ya zimamoto tuliyorithi huku kwetu, na nikashtuka. Kumbe kuna wakati ambapo maneno ya yule fundi hayakuwa malalamiko. Ndiyo yalikuwa mpango wenyewe.

Kwa hivyo wasee, kaeni hapo niwape hii stori.

Tuanze na mwaka wa 1666. London ni mji wa nyumba za mbao zilizobanana, ghorofa za juu zikining'inia barabarani hadi zinakaribia kugusana. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba, moto unaanza kwa duka la mwokaji mikate anayeitwa Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane. Hakuna idara ya zimamoto. Kuna ndoo za ngozi kanisani, kuna ndoano ndefu za kuvuta nyumba zianguke, na kuna mabomba ya mkono ya kurusha maji. Basi.

Meya, Thomas Bludworth, anaamshwa usiku, anaangalia, anaona ni jambo dogo, anarudi kulala. Njia pekee iliyofanya kazi wakati huo ilikuwa kubomoa nyumba zilizo mbele ya moto ili ukose cha kula. Lakini ukibomoa nyumba ya mtu, nani atamlipa? Meya akasitasita. Moto haukusitasita. Uliwaka siku nne na kumeza nyumba kama 13,200 na makanisa 87, pamoja na kanisa kuu la St Paul's.

Unaona swali lilivyojitokeza mapema? Hata kabla ya mashine na sare, shida ya kwanza ilikuwa: huu moto ni wa nani, na nani atalipa?

Jibu la kwanza halikutoka kwa serikali. Lilitoka kwa wafanyabiashara. Baada ya moto, jamaa mmoja anayeitwa Nicholas Barbon, daktari aliyegeuka kuwa mjenzi wa nyumba, aliona nafasi ya biashara. Mwaka wa 1680 akaanzisha kampuni ya bima ya moto. Unalipa kila mwaka, nyumba ikiungua unalipwa. Kampuni nyingine zikafuata, kama Sun na baadaye Phoenix. Lakini mwenye bima ana hesabu yake: kama nitakulipa nyumba ikiisha, si ni rahisi niizime kabla haijaisha? Kwa hivyo kampuni zikaanza kuajiri vikosi vyao vya kuzima moto. Wengi wa hao wazimaji walikuwa wapiga kasia wa mto Thames, watu wenye nguvu na wanaojua maji, wakivalishwa koti la rangi ya kampuni na beji mkononi. Nyumba iliyokatiwa bima iligongwa kibao cha chuma ukutani, chenye alama ya kampuni. Baadhi ya hivyo vibao viko ukutani hadi leo.

Hapa kuna ile stori ambayo pengine umeiona ikizunguka mtandaoni: ati kikosi kikifika na kukosa kibao chake ukutani, kilisimama na kutazama nyumba ikiungua. Ni stori tamu lakini ushahidi wake ni mdogo sana, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Fikiria mwenyewe: nyumba isiyo na bima ikiwaka, ile iliyo karibu nayo yenye bima itashika. Moto hausomi vibao. Pia kulikuwa na sheria ya 1708 iliyozitaka parokia ziwe na pampu zao, na kutoa zawadi ya pesa kwa waliofika kwanza. Kwa hivyo vikosi vilikuwa na sababu ya kuzima hata nyumba isiyo yao.

Lakini ukiondoa chumvi, ukweli uliobaki bado unauma. Vikosi bora vilikuwa vya kampuni, na kampuni zililinda mali zilizoandikishwa. Mtaa wa maskini ulibaki na pampu ya parokia, ambayo mara nyingi ilikuwa imefungiwa mahali, imeshika kutu, na mtu wa kuitunza hajulikani alipo. Inakukumbusha kitu? Nitanyamaza.

Sasa aingie mtu ninayempenda zaidi kwa hii stori: James Braidwood. Huyu hakuwa wa London. Alikuwa kijana wa Edinburgh, Scotland, na mwaka wa 1824, akiwa na miaka 24 tu, alipewa kuongoza kikosi cha zimamoto cha mji wake. Wiki chache baadaye, mji ukashika moto mkubwa kabla hata hajawafunza watu wake. Angeweza kukata tamaa. Badala yake akakaa chini akafikiria.

Braidwood alichagua watu wa mjengo: waezekaji paa, maseremala, waashi, mafundi bomba. Kwa nini? Kwa sababu mtu anayejua jinsi nyumba inavyosimama anajua pia jinsi itakavyoanguka. Aliwafunza usiku, gizani, kwa sababu moto hauji saa za kazi. Na alibadilisha mbinu yenyewe. Zamani watu walisimama nje wakirusha maji kwa moshi wakiomba Mungu. Yeye alisema ingia ndani, tambaa chini ambako hewa bado ipo, fika moto ulipo, mwagia hapo. Mwaka wa 1830 akaandika kitabu kuhusu mashine za zimamoto na mafunzo ya wazimaji. Kabla ya hapo kazi hii ilikuwa nguvu na bahati. Yeye aliifanya taaluma.

London wakasikia. Mwaka wa 1833 kampuni za bima ziliamua kuacha kushindana na zikaunganisha vikosi vyao kuwa kimoja, watu wapatao 80, chini ya Braidwood. Mji ukagawanywa kwa maeneo, kila eneo na vituo vyake na msimamizi wake. Kwa mara ya kwanza London ilikuwa na kikosi kimoja, cha kulipwa mshahara, chenye mkuu mmoja.

Lakini angalia vizuri: bado kilikuwa mali ya kampuni za bima. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Oktoba 1834, Bunge la Uingereza lenyewe liliungua. Wafanyakazi walikuwa wanachoma vijiti vya zamani vya hesabu za serikali kwa tanuri, wakazidisha. Bunge halikuwa na bima. Kisheria, Braidwood hakuwa na wajibu hata wa kutoka kituoni. Alienda tu, na kazi ya watu wake ikasaidia kuokoa ukumbi wa kale wa Westminster. Hebu fikiria: jengo ambalo sheria za nchi zinatungwa, na mtu wa kulizima alikuja kwa hisani.

Na hapa ndipo niliposimama kusoma kwa dakika kadhaa. Kama kikosi kilikuwa cha kulinda mali, nani alikuwa anaokoa watu?

Jibu: shirika la hisani. Mwaka wa 1836 kulianzishwa chama cha kulinda maisha ya watu dhidi ya moto, kilichoishi kwa michango. Kiliweka ngazi ndefu za magurudumu kwenye barabara usiku, kila ngazi na mlinzi wake. Moto ukitokea, mlinzi anaisukuma mbio hadi dirishani, anashusha watu. Yaani kulikuwa na watu wa kuokoa magunia ya sukari, wanaolipwa vizuri na kampuni, na watu wa kuokoa watoto, wanaolipwa na harambee. Hakuna mtu aliyekaa kwa ofisi akapanga ubaya huu. Ulitokea tu, kwa sababu kila mtu alilinda chake na hakuna aliyeulizwa kuhusu wote.

Kilichovunja huo mpango ni moto mwingine. Tarehe 22 Juni 1861, Jumamosi, maghala ya Tooley Street kando ya mto Thames yalishika. Ndani kulikuwa na pamba, katani, sukari, chai, viungo, mafuta ya wanyama. Milango ya chuma iliyowekwa kuzuia moto usipite kutoka ghala hadi ghala ilikuwa imeachwa wazi. Mafuta yaliyoyeyuka yalitiririka hadi mtoni yakiwaka juu ya maji.

Braidwood alikuwa huko, na miaka kama 60. Alikuwa anapita kwa watu wake waliochoka, akiwagawia kinywaji cha kuwatia nguvu, wakati ukuta ulipoanguka na kumfunika. Moto ule uliendelea kuwaka kwa muda wa wiki mbili. Siku ya mazishi yake, maduka yalifungwa na umati ukajaa barabarani kumuaga mtu ambaye, kwa karatasi, alikuwa mfanyakazi tu wa kampuni za bima.

Hasara ilikaribia pauni milioni 2 za wakati huo. Kampuni zikapiga hesabu, zikaiandikia serikali: hii kazi imetushinda, chukueni. Unaweza kucheka au kulia. Biashara ilishika zimamoto wakati ilikuwa na faida, na ikaiachilia siku ile hasara ilipokuwa kubwa kuliko faida.

Bunge likapitisha sheria mwaka wa 1865, na tarehe 1 Januari 1866 kikosi cha umma kikaanza kazi. Ukihesabu kutoka moto wa 1666, ni miaka 200. Sheria ilisema kazi ya kikosi ni kuzima moto na kulinda maisha na mali. Soma hiyo tena polepole: maisha, halafu mali. Mwaka wa 1867 zile ngazi za hisani pia zikaingizwa ndani ya kikosi.

Pesa zilitoka wapi? Hapa ndipo penye somo kwa sisi tunaopenda kulalamika bila kufungua bajeti. Zilitoka mifuko mitatu. Kila mwenye nyumba alitozwa kodi ya nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya kodi ya nyumba yake. Kampuni za bima zililipa pauni 35 kwa kila milioni moja ya mali zilizoikatia bima. Serikali kuu iliongeza pauni 10,000 kwa mwaka. Nani anafaidika, analipa. Ni nusu peni iliyomfanya mtu wa mtaa wa nyuma kuweza kusema "zimamoto yangu".

Mkuu wa kikosi kipya alikuwa Eyre Massey Shaw, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa ameongoza polisi na zimamoto ya Belfast. Shaw alipenda kuajiri mabaharia, kwa sababu baharia amezoea kupanda juu, kukesha, na kutii amri bila maswali. Aliongeza vituo, akaviunganisha kwa simu ya maandishi ya telegrafu, akaleta pampu za mvuke zilizovutwa na farasi. Maisha yalikuwa magumu: wazimaji waliishi kituoni na familia zao na walikuwa kazini karibu saa zote. Mwaka wa 1904 jina likawa London Fire Brigade, na ndilo hadi leo.

Kuna funzo moja zaidi la mpangilio. Vita vya pili vya dunia vilipofika na mabomu yakaanza kunyesha mwaka wa 1940, Uingereza ilikuwa na vikosi takriban 1,600 vya miji na vijiji. Kikosi kimoja kikienda kusaidia kingine, walikuta vichwa vya mipira ya maji haviingiani. Maji yapo, watu wapo, ujasiri upo, lakini mpira wako haushikani na bomba langu. Mwaka wa 1941 vikosi vyote vikaunganishwa kuwa kimoja cha taifa, kisha vikarudishwa kwa serikali za mitaa mwaka wa 1948. Mambo madogo kama kipenyo cha mpira ndiyo huamua nani anaishi.

Leo kikosi cha London kina zamu nne zinazoitwa kwa rangi: nyekundu, nyeupe, buluu na kijani. Simu ikiingia, kituo kimoja cha mawasiliano kinaamua magari gani yatoke, bila kuuliza mtaa ni wa nani. Lengo ni gari la kwanza kufika kwa wastani wa dakika sita.

Na bado, msinidanganye kwamba kule ni mbinguni. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell Tower liliwaka na watu 72 wakafa. Ukuta wa nje ulikuwa umefunikwa kwa vifaa vinavyoshika moto, na wakazi walikuwa wamelalamika kwa miaka kuhusu usalama wa jengo lao. Ripoti ya uchunguzi ya 2019 ilikisema kikosi pia: kiliwaambia watu wakae ndani kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa, na hakikuwa kimejiandaa kwa moto wa aina ile. Miaka 150 baada ya kukubaliana kwamba moto ni wa wote, swali lilikuwa lile lile. Malalamiko ya nani yanasikilizwa?

Sasa turudi nyumbani.

Huku kwetu jibu la karatasi tunalo. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga kuwa kazi ya kaunti. Hatukuhitaji miaka 200 kuandika hivyo. Lakini tunazijua tarehe zetu. Januari 2009, Nakumatt Downtown, zaidi ya watu 20. Septemba 2011, Sinai, mafuta yaliyovuja, watu wapatao 100. Juni 2018, Gikomba usiku, watu wasiopungua 15. Gikomba imeungua mara nyingi hadi tumezoea, na kuzoea ndiko kunaniogopesha.

Historia ya London imenifundisha kwamba zimamoto si gari jekundu. Gari ni kipande cha mwisho. Kabla yake kuna sheria ya ujenzi, milango ya dharura isiyofungwa kufuli, bomba la maji la karibu lenye maji kweli, simu inayoshikwa, watu waliofunzwa na kulipwa, na njia ya kupita. Kipande kimoja kikikosekana, gari linafika kuja kutazama majivu.

Kwa hivyo kaunti yako ikiita watu kutoa maoni kuhusu bajeti, na sheria inataka iite, enda. Najua zile hafla hujaa wazee na viti vya plastiki. Enda tu, na uulize maswali matatu. Kituo cha zimamoto kilicho karibu na mtaa wetu kiko wapi? Mabomba ya kujazia magari maji yako wapi, na mara ya mwisho yalikaguliwa lini? Pesa ngapi zimetengewa mafunzo, mbali na kununua magari ya kupigia picha?

Na kuna swali la nne, ambalo ni letu. Vile vibanda vilivyoziba njia ya kwetu havikuwekwa na gavana. Kimoja kilikuwa cha shangazi yangu, aliyekuwa akiuza mandazi, na mandazi hayo ndiyo yalinilipia karo. Sisemi abomolewe. Nasema mtaa ukae chini, upime upana wa gari la zimamoto, na uache nafasi hiyo, kila mtu arudi nyuma hatua mbili. Meya wa London alishindwa kuamua hilo mwaka wa 1666. Sisi tunaweza kuliamua kwa mkutano wa ploti, Jumapili moja mchana.

Yule fundi wa viatu alijengewa tena na majirani. Tulichangisha, akapata chumba, akanunua sindano mpya. Nilimwona tena miaka mingi baadaye, kando ya barabara nyingine, akishona begi la mtoto wa shule. Kibanda chake kilikuwa kimesogea mbali na njia. Nilimuuliza mbona amejibana hivyo na nafasi iko. Alinyoosha kidole barabarani bila kuinua macho kutoka kwa begi.

"Hapo ni pa gari," akasema.